Mwalimu na Kazi ya Pili Wakati wa Likizo
(Somo la Uraia, pamoja na hesabu kidogo)

Muhula uliopita, katika mjadala wa Ijumaa, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alisimama akauliza: "Mwalimu, je, ni halali mwalimu wa Serikali kuonekana sokoni anauza nyanya?" Darasa zima likacheka. Walijua, nami nilijua, ya kuwa mwalimu aliyeonekana sokoni ndiye huyo aliyekuwa akiulizwa. Kengele ililia kabla sijajibu, na nakiri ya kuwa sikusikitika. Lakini swali lile lilikuwa jema, na Mhariri wa gazeti letu amenidai jibu lake kwa maandishi. Basi hili ndilo somo, na wazazi watakaolisoma nyumbani nao wahesabiwe kuwa wamo darasani.

Kwanza yafaa tujue likizo ni ya nani. Wanafunzi wengi wadhani ya kuwa shule ikifungwa, mwalimu naye amefunguliwa kama ng'ombe zizini. Sivyo. Shule zetu hufungwa kwa muda mrefu mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba, na katikati ya mihula kuna mapumziko mafupi. Hiyo ni likizo ya shule. Likizo ya mwalimu ni jambo jingine. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka, mshahara wake ukiendelea, na mwalimu kwa desturi ya kazi yake huzichukua wakati ambapo shule imefungwa. Siku nyingine zote angali kazini. Mkuu wa Shule aweza kumwita aje kupanga ratiba, kuandika taarifa za maendeleo, kuhesabu vitabu au kulinda mabweni. Kwa hiyo mwalimu aliye shambani kwake tarehe 20 Desemba aweza kuwa yupo kwa haki yake kabisa, na mwenziwe aliye katika shamba la jirani, siku iyo hiyo na jua lile lile, aweza kuwa mtoro. Mpita njia hawezi kuwatofautisha kwa macho. Karatasi ya ruhusa ndiyo itofautishayo.

Pili, tutazame majina ya kazi hizi, maana majina yana historia. Watu wetu huita kazi ya siku moja moja "kibarua". Neno hili ni "barua" iliyofanywa ndogo: zamani mtu aliyeajiriwa kwa siku alipewa kijikaratasi, naye alikionyesha wakati wa kulipwa. Karatasi ikampa mtu jina lake. Jina jingine ni "mradi". Katika vitabu vya Serikali mradi ni kazi kubwa iliyopangwa, kama bwawa au barabara. Lakini katika miaka ya 1980 neno hilo liliingia uani. Kuku 40 walikuwa mradi, na ndoo ya maandazi ya mama mwalimu ilikuwa mradi. Mtu akikuambia "nina mradi wangu" hukumuuliza zaidi, kwa adabu.

Je, jambo hili ni la siku hizi? La, si la siku hizi. Nawapa mfano wa mwalimu mmoja ambaye kila mtoto wa nchi hii amjua. Julius Nyerere alipomaliza masomo yake Makerere mwaka 1945 alikwenda kufundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora, na huko alifundisha elimu ya viumbe na Kiingereza. Jioni aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mjini, bila kuwatoza chochote. Tena kwa muda mfupi alikuwa na kazi nyingine, ya ukaguzi wa bei kwa upande wa Serikali. Aliingia madukani na kuuliza bei za vitu ili ijulikane kama wenye maduka wanawapunja watu. Alipoona ya kuwa taarifa zake hazishughulikiwi, aliiacha kazi ile. Hapa nataka vijana watazame vizuri. Kazi mbili za pili alizokuwa nazo, moja ilimletea malipo na nyingine haikumletea hata senti. Ile ya malipo ndiyo aliyoiacha upesi.

Baadaye alikwenda kusoma Scotland mwaka 1949, akarudi mwaka 1952, akafundisha Pugu. TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, yeye akiwa Rais wake, mikutano ilikula siku zake za mapumziko. Hatimaye ilimpasa achague moja, ualimu au siasa, na mwezi wa Machi mwaka 1955 alijiuzulu ualimu. Wengi hulisimulia jambo hili kama habari ya ushujaa, na kweli ni ushujaa. Mimi kama mwalimu huliona pia kuwa ni habari ya hesabu. Siku ina saa 24, na mtu mwaminifu akiona saa hazitoshi kwa kazi mbili, huiachia moja mshahara wake.

Miaka 12 baada ya hapo, tarehe 5 Februari 1967, TANU ilitangaza Azimio la Arusha. Ndani yake yalikuwamo masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na hisa katika makampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti yale yaliwagusa viongozi wa chama, mawaziri, wabunge, na watumishi wa Serikali wa vyeo vya kati na vya juu. Mwalimu wa darasa la kwanza kijijini hakuwa ndiye aliyekusudiwa hasa, lakini upepo ule ulivuma hata mlangoni kwake, na mtu mwenye duka alijitazama mara mbili. Mwezi wa Machi mwaka uo huo ukatoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka kila shule iwe na shamba au kazi ya uzalishaji. Hivyo mwalimu alishika jembe, ila lilikuwa jembe la shule.

Kisha zikaja siku ngumu. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikula fedha nyingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari na khanga vilikuwa vitu vya kupanga foleni. Mshahara ulibaki pale pale huku bei zikipanda. Wakati huo huo shule za msingi zilikuwa zimejaa watoto, kwa sababu elimu ya msingi kwa wote ilianza kutekelezwa mwaka 1977 kufuatana na Azimio la Musoma la mwaka 1974. Waalimu wengi wa wakati ule waliopo leo, wastaafu, watawaambia ya kuwa hawakuanza kufuga kwa sababu walipenda kuku. Mwalimu mmoja mzee, aliyenifundisha mimi, alikuwa akisema ya kuwa mshahara wake ulikuwa ukimfikisha tarehe 12, na kuanzia tarehe 13 alilishwa na nguruwe wake. Mwaka 1991, chama kilipokutana Zanzibar, masharti yale ya uongozi yalilegezwa, na jambo lililokuwa likifanywa uani likatoka barazani.

Nchi nyingine nazo zimeyaona haya. Mwaka 1966, tarehe 5 Oktoba, mashirika ya UNESCO na ILO yalikubaliana juu ya hadhi ya waalimu, na moja ya mambo yaliyopendekezwa ni kwamba mshahara wa mwalimu umwezeshe kuishi maisha ya kadiri, yeye na jamaa yake. Ndiyo sababu siku hiyo ya Oktoba husherehekewa kuwa Siku ya Waalimu Duniani. Hapa kwetu, Mei Mosi ya mwaka 2025, huko Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza ya kuwa kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai mwaka huo. Ni hatua njema. Lakini mwalimu mwenye watoto wanne, mmoja chuoni, na mama mzazi anayehitaji dawa, angali na hesabu ya kupiga.

Basi twende kwenye hesabu yenyewe. Tuchukue mwalimu mmoja wa mfano, katika mikoa inayopata mvua mara moja kwa mwaka, kama Ruvuma au Mbeya. Amekodi ekari mbili za shamba la mahindi. Bei nitakazotumia ni za mfano, kila mtu aweza kuweka za kwao.

Kukodi shamba ni shilingi 120,000. Trekta ni 100,000. Mbegu kilo 20, kwa shilingi 7,000 kilo moja, ni 140,000. Mbolea mifuko minne, kwa 70,000, ni 280,000. Vibarua wa palizi mbili ni 160,000. Kuvuna, kupukuchua, magunia na gari ni 150,000. Jumla ya gharama ni shilingi 950,000. Mvua ikinyesha vema akapata magunia 12 kwa ekari, atakuwa na magunia 24, na akiyauza kwa 60,000 kila moja atapokea 1,440,000. Faida yake ni shilingi 490,000. Igawanyeni kwa miezi 12 mtaona ya kuwa ni kama shilingi 40,833 kwa mwezi. Si utajiri. Ni unga, mafuta ya taa na nauli ya mtoto.

Sasa mvua ikatike mwezi wa Februari. Apate magunia manane tu, na kwa kuwa mahindi yamekuwa haba ayauze kwa 85,000. Atapokea 680,000. Gharama ya mavuno itapungua, tuseme iwe 70,000 badala ya 150,000, kwa hiyo jumla ya gharama ni 870,000. Amepoteza shilingi 190,000, ambazo bila shaka alizikopa. Mwalimu huyo atakapoingia darasani mwezi wa Julai msimshangae akiwa mkali.

Lakini hesabu ya fedha ndiyo nyepesi. Iliyo ngumu ni ya siku. Kupanda huwa Desemba, na shule imefungwa: siku 10, hakuna shida. Kuvuna huwa Juni, na shule imefungwa: siku 17, hakuna shida. Mtu angedhani Mungu na Wizara walikaa meza moja wakapanga mihula pamoja na misimu. Ila palizi haingoji likizo. Magugu huota Januari na Februari, shule ikiwa imefunguliwa, na hata mwenye vibarua sharti awepo kuwasimamia, la sivyo watapalilia ukingo unaoonekana kutoka barabarani na kuacha msitu katikati. Tuseme anahitaji siku nane. Kutoka katikati ya Januari hadi mwisho wa Februari kuna Jumamosi sita. Jumapili ni ya ibada, au ya kusahihisha madaftari. Siku mbili zimepungua. Zatoka wapi?

Hapo ndipo penye somo lote. Siku mbili, zenye vipindi vinne kila moja, ni vipindi vinane. Kila kipindi ni dakika 40, kwa hiyo ni dakika 320, yaani saa 5 na dakika 20. Darasa likiwa na wanafunzi 50, ni vipindi 400 vilivyopotea katika vichwa vya watoto, na hakuna mahali palipoandikwa katika ile hesabu yetu ya gharama. Mbegu tuliiandika, mbolea tuliiandika. Mwalimu mwaminifu hutafuta ndugu wa kusimamia siku mbili hizo akamlipa, akakubali faida yake ipungue. Au hulima ekari moja. Nawafahamu waalimu waliofanya hivyo, na hawakutangaza.

Wengine hawalimi. Kuna waalimu wanaoshona, wanaofuga, wanaoendesha pikipiki, wanaopiga picha za harusi, wanaotengeneza simu. Kuna kazi nyingine ambazo Serikali yenyewe huwapa waalimu kwa sababu yawajua kuwa ni watu wa kuandika na kuhesabu. Baraza la Mitihani, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, huwakusanya waalimu wakati shule zimefungwa ili wasahihishe mitihani ya taifa. Huko hulala kambini, husahihisha swali lile lile mamia ya mara mpaka hulisikia usingizini, na hupewa posho. Katika sensa ya Agosti 2012 na ile ya Agosti 2022 makarani wengi walikuwa waalimu. Mwaka 2012 tulihesabiwa watu 44,928,923, na mwaka 2022 watu 61,741,120. Ukiona tarakimu hizo kitabuni, kumbuka ya kuwa sehemu kubwa yake iliandikwa mlangoni kwa mtu na mwalimu mwenye vumbi miguuni.

Niseme kidogo juu ya aibu, maana ndiyo iliyowachekesha wanafunzi. Likizo moja nilikodi pikipiki ya shemeji yangu nikabeba abiria. Siku ya tatu, stendi, mama mmoja mzee alipanda nyuma yangu na kikapu chake. Tulipofika alinitazama usoni akasema, "Mwanangu, si wewe mwalimu wa mjukuu wangu?" Nikamjibu, "Ndimi, mama." Akanyamaza. Nilidhani atasikitika. Akatoa noti ya nauli akaikunja kiganjani mwangu kwa mikono miwili, kama mtu atoaye sadaka au rambirambi, akasema, "Basi endesha polepole, mwalimu. Anafanya mtihani mwakani." Sijawahi kupewa agizo la kikazi lililo wazi kuliko hilo na mkaguzi yeyote. Kazi ya mikono haikumwondolea heshima mwalimu machoni pa mama yule. Alilojali ni kama nitafika Januari nikiwa mzima.

Naja sasa kwenye kazi iliyo karibu zaidi na chaki, nayo ndiyo ya hatari kuliko zote: masomo ya ziada ya malipo, ambayo watu huyaita tuisheni. Huonekana kuwa safi. Mwalimu hatoki jasho, hashiki mzigo, anafundisha tu. Nilipokuwa kijana kazini, katika shule nyingine, nilifanya tuisheni ya Desemba. Walikuja wanafunzi 22 wa darasa langu mwenyewe, na kila mmoja alilipa shilingi 10,000. Fedha ile, 220,000, ilinisaidia sana, wala sitajidai ya kuwa niliichukia.

Ila mwezi wa Novemba, kabla ya kufunga shule, niliona jambo. Tulikuwa katika logarithimu. Nilifundisha kanuni, nikaandika mifano miwili myepesi, nikaiacha ile migumu. Nilijiambia muda hautoshi. Muda ulitosha. Sikukaa chini nikapanga ubaya. Mkono wenyewe ulikuwa umejifunza kuwa mzito, kwa sababu ulijua ya kuwa mifano ile migumu ina bei Desemba.

Januari nilitoa zoezi. Waliokuja tuisheni walifanya vizuri. Kijana mmoja, ambaye baba yake hakuweza kulipa, alipata 3 kati ya 20. Hakulalamika. Alinifuata baada ya kipindi na daftari lake mkononi, lililojaladiwa kwa gazeti, akasema, "Samahani, mwalimu. Mambo haya tulifundishwa siku gani? Nadhani siku hiyo sikuja shuleni." Nilikwenda kutazama kitabu cha mahudhurio, ingawa nilijua nitakachokiona. Hakukosa hata siku moja mwaka mzima.

Nilimfundisha jioni tatu, na alielewa. Lakini katika darasa lile walikuwamo wengine 20 ambao nao hawakulipa. Hao hawakuja kuniuliza, nami sikuwaita. Wamekwisha kuwa watu wazima sasa. Mmoja wao huniuzia mkaa.

Kenya, katika sheria yao ya elimu ya msingi ya mwaka 2013, walikataza kabisa wanafunzi kufundishwa tuisheni wakati wa likizo. Kwetu Tanzania viongozi wa elimu wamekuwa wakikataza mara kwa mara watoto kulazimishwa kusoma likizoni na kutozwa fedha. Kuna waalimu wanaonung'unika ya kuwa wanazibiwa riziki, na kuna wazazi wanaonung'unika ya kuwa mtoto atazurura. Nawaelewa wote. Lakini mimi, baada ya daftari lile, nina kanuni yangu: sipokei fedha kwa mtoto ambaye tayari Serikali yanilipa nimfundishe. Mtoto wa shule nyingine, ambaye hanijui wala sijui mtihani wake, akija na mzazi wake kwa hiari tutazungumza. Wa darasa langu akiwa hajaelewa, hilo ni deni langu, na dawa ya deni ni kulipa. Waalimu wenzangu wengine hawakubaliani nami katika jambo hili. Wanasema mtoto aliyeelewa nusu ana haki ya kununua nusu ya pili kama anunuavyo kitabu. Gazeti hili lina nafasi ya kuwajibu.

Kuna mambo ambayo kwa hayo hakuna ubishi. Mtumishi wa umma hakatazwi kuwa na shughuli yake ya halali, ila isigongane na kazi aliyoajiriwa, isitumie saa za mwajiri wala mali yake. Tanuri la shule lisioke mikate ya mwalimu. Mwanafunzi asichote maji ya mradi wa mwalimu na kuambiwa ni adhabu. Kompyuta na karatasi za ofisi zisichape kadi za harusi. Haya ni madogo, tena ndiyo yanayoonekana na watoto kila siku, na mtoto hasahau ndoo aliyoibeba.

Tena kuna waalimu ambao likizo kwao si nafasi bali ni njaa. Katika baadhi ya shule za watu binafsi mshahara husimama ada zinaposimama. Tuliliona wazi wakati wa ugonjwa wa korona. Hapa kwetu shule zilifungwa tarehe 17 Machi 2020, na wanafunzi wote walikuwa wamerudi tarehe 29 Juni mwaka huo. Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Waalimu wengi wa shule za binafsi kule waliingia katika kulima, kuuza chakula, kufyatua matofali na kuendesha bodaboda. Shule zilipofunguliwa, baadhi yao hawakurudi tena. Kazi ya pili ilikuwa imekuwa ya kwanza.

Wazazi nao nina neno kwao. Msitumie muda kuulizana mwalimu fulani kaonekana wapi likizoni. Shule ikifunguliwa, fungueni daftari la mtoto. Tazameni tarehe ya zoezi la mwisho na kama limesahihishwa kwa kalamu nyekundu au limepigwa alama tu za haraka. Daftari litawaambia yote kuhusu kazi ya pili ya mwalimu, kama ipo na kama imezidi kipimo. Mkiona pengo la wiki tatu, njoni shuleni mwulize kwa heshima. Mimi nikiulizwa hivyo sitakasirika, ingawa huenda nikaona haya.

Na wewe kijana wa Kidato cha Tatu, jibu lako ni hili. Ndiyo, ni halali. Nyanya zile zilikuwa zangu, zililimwa na mke wangu na mimi, na siku ile ilikuwa tarehe 14 Juni, nikiwa na ruhusa yangu mfukoni. Ulipojificha nyuma ya gari la vitunguu nilikuona. Siku nyingine njoo unisalimu, na ukiwa na nafasi unisaidie kupanga mafungu.

Maswali

1. Eleza tofauti baina ya likizo ya shule na likizo ya mwalimu. Toa mfano kutoka katika somo hili.

2. Mwalimu wa mfano ameamua kulima ekari moja badala ya mbili, na kumlipa ndugu yake shilingi 30,000 asimamie palizi. Ikiwa gharama nyingine zote na mavuno vitakuwa nusu, na bei ya gunia ni 60,000, atapata faida gani? Je, wewe ungelima ekari ngapi, na kwa nini?

3. "Mtoto aliyeelewa nusu ana haki ya kununua nusu ya pili." Andika aya mbili, moja ya kukubali na moja ya kukataa. Usiseme tu uliloona linampendeza mwalimu.

4. Waulize wazee wawili nyumbani kwenu ni miradi gani waalimu wao walikuwa nayo walipokuwa wanafunzi, na kama kuna siku walipobebeshwa ndoo.

Majibu ya swali la pili yaletwe ofisini kwangu kabla ya wiki ya mitihani. Nyanya, anayezihitaji, huuzwa Jumamosi sokoni na si ofisini.